Katuni Zilizoondolewa Hewani na Haki ya Mzazi wa Lushoto Kuelezwa Sababu

Katuni ya televisheni, inayoitwa pia vibonzo, na ambayo wataalamu huiweka katika sanaa ya uhuishaji kwa sababu huipa michoro uhai wa kutembea na kusema, ndiyo aina ya kipindi ambacho wazazi wa Afrika Mashariki hukiamini kuliko kingine chochote na ambacho, kwa sababu ya imani hiyohiyo, hukitazama kwa nadra. Taarifa ya habari hutazamwa na watu wazima, tamthilia hujadiliwa sebuleni, mpira hushangiliwa na mtaa mzima, lakini katuni huachiwa mtoto peke yake huku mama akiwa jikoni au shambani, kana kwamba mchoro wenye rangi za kuvutia hauwezi kubeba neno zito. Ndiyo maana habari ya katuni kuondolewa hewani, yaani kuzuiwa isirushwe tena baada ya kuwa imekwisha kuonyeshwa au kupangiwa ratiba, huwashtua wazazi mara mbili: kwanza wanapogundua kwamba ndani yake kulikuwamo jambo la kukatazwa, na pili wanapogundua kwamba watoto waliliona kabla yao.

Tukio la aina hiyo lililosikika zaidi katika ukanda huu lilitokea Juni 2017, pale Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, iliyokuwa ikiongozwa na Mtendaji Mkuu wake wa wakati huo, Ezekiel Mutua, ilipotangaza kwamba vipindi sita vya katuni vilivyokuwa vikirushwa katika chaneli za Nickelodeon, Nicktoons na Cartoon Network havikufaa kuonyeshwa watoto wa nchi hiyo, na ikaitaka kampuni ya MultiChoice, inayouza huduma ya televisheni ya kulipia kwa njia ya setilaiti, iviondoe. Vipindi hivyo vilikuwa The Loud House, The Legend of Korra, Hey Arnold!, Steven Universe, Clarence na Adventure Time, na hoja ya Bodi ilikuwa kwamba vilikuwa vikiwazoesha watoto mapenzi ya jinsi moja, jambo lililopingana, kwa maelezo yake, na maadili ya familia za Kenya.

Tangazo lile la Nairobi liliihusu pia Lushoto, Tanzania, kwa namna ambayo mipaka ya ramani haiionyeshi. Mji wa Lushoto umekaa kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ndani ya Usambara Magharibi, na barabara inayoupanda kutoka Mombo hupita Soni ikijipinda ubavuni mwa mlima kwa zaidi ya kilomita 30. Nyuma ya kila mgongo wa mlima kuna bonde, na nyuma ya bonde kuna mgongo mwingine. Sura hiyo ya nchi ni baraka kwa mboga, matunda na chai, lakini kwa mawimbi ya minara ya ardhini ni kikwazo, kwa sababu mawimbi hayo husafiri kwa mstari ulionyooka na hukatwa na miamba. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, kazi iliyoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, dishi na king'amuzi vimekuwa ndiyo njia inayoeleweka kwa nyumba iliyojificha bondeni, kwa kuwa setilaiti humwaga matangazo kutoka juu na haijali mlima. Haijali mpaka pia: mwale mmoja hufunika nchi nyingi kwa pamoja, hivyo mtoto wa Mlalo na mtoto wa Nakuru wanaweza kutazama sehemu ileile, kwa dakika ileile, chini ya sheria mbili tofauti.

Hapa yafaa kueleza namna kitendo chenyewe cha kuondoa kinavyofanyika, kwa sababu wengi hudhani kuna swichi moja ofisini kwa mdhibiti. Kipindi cha katuni hugawanywa katika sehemu, na kila sehemu ni hadithi moja inayojitegemea, ambayo mara nyingi huchukua kati ya dakika 11 na 25. Sehemu hizo hupangwa mfululizo na mwenye chaneli, ambaye kwa kawaida yuko nje ya Afrika Mashariki, kisha mfululizo mzima hupandishwa kwenye setilaiti kwa pamoja. Muuzaji wa huduma anaweza, kupitia kadi iliyomo ndani ya king'amuzi, kuifunga chaneli nzima kwa wateja wa nchi moja, lakini sehemu moja ya dakika 11 kwa kawaida haichomolewi kwa nchi hiyo peke yake mpaka mwenye chaneli atengeneze mfululizo mwingine, jambo linalogharimu fedha, au aiondoe kwa watu wote wanaopokea mfululizo uleule. Kwa hiyo uamuzi uliofikiwa katika nchi moja unaweza kubadilisha kile kinachoonekana katika nchi ya jirani bila mtu yeyote wa nchi hiyo kushirikishwa, na mtazamaji atakachokiona ni sehemu nyingine tu iliyowekwa mahali pa ile ya kwanza, bila maandishi na bila maelezo.

Kwa milima ya Usambara, hali ya watu wa mbali kuamua ni picha gani iwafae wenyeji haikuanza na setilaiti. Kati ya 1935 na 1937, kwenye ukingo wa kusini wa milima hii, mahali paitwapo Vugiri katika wilaya ya Korogwe ya leo, palikuwa na makao makuu ya mradi wa filamu uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la kutumia sinema kuwaelimisha Waafrika. Mradi huo ulitokana na mawazo ya J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, ukapewa fedha na shirika la Carnegie la New York, na ukaendeshwa na Waingereza wawili, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Katika muda wa miaka miwili tu ulitengeneza filamu 35 zilizohusu mambo kama ugonjwa wa safura unaosababishwa na minyoo, benki ya akiba ya posta na kilimo, na gari la maonyesho likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini likiwaonyesha makumi ya maelfu ya watu. Sauti ilirekodiwa kwenye sahani za santuri badala ya kwenye utepe wa filamu, ili maelezo yaweze kubadilishwa kufuata lugha ya mahali, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kwa wakati wake huo ulikuwa ufundi wa kupigiwa mfano, nao ulifanyika katika mlima ambao leo wengi wanaujua kwa chai yake tu.

Lakini nyuma ya ufundi huo ilikuwapo hofu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watawala wa Kiingereza walikuwa wakijadiliana juu ya filamu za kibiashara, hasa za Marekani, zilizoanza kuonyeshwa katika makoloni, na kamati iliyoundwa mjini London kuhusu filamu za makoloni ilisisitiza umuhimu wa ukaguzi mkali, kwa kuwa filamu zilizowaonyesha wazungu wakiiba, wakilewa na kupigana zilidhaniwa kwamba zingewaondolea heshima machoni pa watawaliwa. Filamu za Vugiri zilikusudiwa ziwe mbadala: badala ya kumwacha Mwafrika atazame kile ambacho ulimwengu wote ulikuwa ukikitazama, atengenezewe chake, chepesi na cha polepole. Baadaye William Sellers, aliyeongoza Kitengo cha Filamu za Makoloni kilichoanzishwa 1939, aliifanya imani hiyo kuwa kanuni, akifundisha kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka wala ujanja wa kamera. Kanuni hiyo ilikuwa ni dharau tupu, na historia imekwisha kuikanusha katika kila ukumbi wa sinema wa Tanga, Unguja na Dar es Salaam uliowahi kujaa watu wakifuata filamu za Kihindi bila kukijua Kihindi. Hata hivyo, tabia iliyozaliwa nayo, ile ya kuamua kwa niaba ya mtazamaji na kutomweleza, haikuondoka na bendera ya mkoloni.

Sheria zenyewe zinaonyesha undugu huo. Bodi ya Kenya hufanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222 ya sheria za nchi hiyo, iliyotungwa siku za mwisho za ukoloni, na Tanzania ina sheria yenye jina hilohilo, Sheria Na. 4 ya 1976, ambayo ndiyo chimbuko la mamlaka ya Bodi ya Filamu. Zanzibar ina chombo chake. Kwa upande wa matangazo, Tanzania Bara kuna Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, yenye Kamati ya Maudhui inayosikiliza malalamiko dhidi ya vituo vya redio na televisheni. Ndani ya vyombo hivi maneno mawili huchanganywa mara kwa mara. Ukaguzi ni kuitazama kazi ili kuamua iruhusiwe au isiruhusiwe, na uainishaji ni kuipa daraja la umri, ili mzazi ajue kama inamfaa mtoto wa miaka saba au kijana wa miaka 16. Ukaguzi humwondolea mzazi jambo la kuamua, uainishaji humwongezea, na chombo chenye neno uainishaji katika jina lake kinapotoa marufuku, mzazi ana sababu ya kuuliza kimefanya kazi ipi kati ya hizo mbili.

Tangazo la 2017 lina kasoro inayoonekana wazi pale linaposomwa kwa makini na mtu anayejali kweli malezi ya mtoto, kwani lilitaja vipindi vizima. The Loud House, kwa mfano, ni hadithi ya mvulana mwenye dada kumi katika nyumba moja, na jambo lililozua mabishano ni kwamba rafiki wa mvulana huyo ana baba wawili, walioonyeshwa kwa mara ya kwanza 2016. The Legend of Korra ilikuwa imekwisha kufikia tamati tangu Desemba 2014, na mabishano juu yake yalihusu zaidi mwisho wake, ambapo mhusika mkuu anaondoka akiwa ameshikana mikono na msichana mwenzake. Hey Arnold! ilikuwa ya kizazi cha nyuma kabisa, iliyoanza 1996. Mzazi wa Kenya au wa Lushoto asiyetaka mwanawe akutane na mambo hayo kabla ya umri fulani ana haki ya kumlea anavyoamini, na haki hiyo haipaswi kubezwa na mtu yeyote aliyeketi New York au Johannesburg. Lakini mzazi huyohuyo alihitaji kuambiwa ni sehemu ipi, ina nini ndani yake, na inafaa kuanzia umri gani, kwa sababu mtoto wake alikuwa amekwisha kuvitazama vipindi hivyo kwa miaka na maswali alikuwa nayo tayari. Orodha ya majina sita ilimwachia wasiwasi, ikamnyima maarifa.

Tofauti kati ya katuni na filamu ya watu wazima ilijitokeza mwaka mmoja baadaye. Bodi ileile ilipoipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, Aprili 2018, mtengenezaji alikwenda Mahakama Kuu, na Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany akaisimamisha marufuku kwa siku saba, watu wakaiona katika kumbi za Nairobi na kujiamulia. Baadaye, 2020, mahakama iliiacha marufuku isimame, lakini pande zote mbili zilikuwa zimesema hadharani na hoja zimeandikwa. Katuni ya kigeni haina mtu wa kwenda mahakamani kwa ajili yake. Mwenye chaneli huhesabu gharama na hukubali yaishe, mtangazaji wa hapa ana leseni ya kulinda, mtoto hana wakili, na mzazi hana taarifa ya kutosha hata ya kulalamikia.

Lushoto ni mahali pafaapo kusemea jambo hili, kwa kuwa ndipo kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kinachofundisha maofisa wa mahakama wa nchi nzima. Miongoni mwa misingi ya awali kabisa ambayo mwanafunzi wa sheria hukutana nayo ni ule wa haki ya asili, yaani kwamba anayeguswa na uamuzi asikilizwe kabla haujatolewa na aelezwe sababu zake, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 13(6)(a), imeuweka wazi msingi wa mtu kusikilizwa kwa ukamilifu na kuweza kukata rufani. Ingekuwa ajabu kama kanuni inayomlinda mtu anayedaiwa shamba la migomba isingekuwa na nafasi yoyote pale jamii nzima inapoamuliwa watoto wake watazame nini.

Umuhimu wa kutaja sababu huonekana zaidi pale sababu inapokuwa ya afya. Tarehe 16 Desemba 1997, saa 12 na nusu jioni, kituo cha TV Tokyo cha Japani kilirusha sehemu ya 38 ya katuni ya Pokémon, ambamo mlipuko ulichorwa kwa mwanga mwekundu na wa buluu uliopishana takriban mara 12 kwa sekunde. Mwanga ulidumu sekunde chache tu, lakini watoto 685 walipelekwa hospitalini kwa magari ya wagonjwa, wengine wakiwa wamepata degedege na kupoteza fahamu. Kilichowapata baadhi yao ni kile madaktari wanachokiita kifafa kinachochochewa na mwanga: katika ubongo wa watu wachache, hasa watoto na vijana, mwanga unaomweka kwa kasi fulani huzifanya seli za fahamu zifyatuke zote kwa wakati mmoja badala ya kila moja kwa zamu yake. Katuni nzima ilisimamishwa kwa miezi minne, ikarudi Aprili 1998, watangazaji wa Japani wakajiwekea kanuni za mwanga na rangi, na sehemu ile haijarushwa tena tangu siku hiyo. Uingereza ilikuwa imekwisha kuweka miongozo ya namna hiyo kabla, baada ya tangazo la biashara la 1993 kusababisha madhara kama hayo.

Sababu hiyo inaihusu milima ya Usambara kwa njia ya moja kwa moja, kwa kuwa katika sehemu nyingi za Tanzania kifafa bado huhusishwa na mashetani au na mkono wa mtu, na mtoto aliyeanguka mbele ya televisheni anaweza kupelekwa kwa mganga na asifikishwe hospitalini. Mzazi aliyewahi kuelezwa kwa Kiswahili chepesi kwamba ipo picha inayoweza kumwangusha mtoto atajua la kufanya: kuwasha taa ya sebuleni, kumkalisha mbali na kioo na kumpeleka kwa daktari. Sehemu iliyoondolewa kimya kimya huondoka na somo lake.

Kuna pia katuni isiyo na kosa lolote ilikotengenezwa, ikawa na kosa ilikopelekwa. Peppa Pig, katuni ya Kiingereza ya watoto wadogo, ina sehemu iitwayo Mister Skinny Legs inayofundisha kwamba buibui ni mdogo, hana madhara na hakuna haja ya kumwogopa. Uingereza somo hilo ni jema. Australia, nchi yenye buibui wanaoua, shirika la utangazaji la taifa, ABC, liliiondoa 2012, na ilipojitokeza tena 2017 kupitia Nick Jr. mzazi alilalamika na ikaondolewa tena. Mtu wa Usambara ataielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa, kwa sababu misitu ya mlima wake ina nyoka wenye sumu, akiwamo yule mdogo wa mitini mwenye vipembe juu ya macho, anayepatikana katika milima ya Tao la Mashariki ya Tanzania pekee, na katuni itakayomfundisha mtoto wa Magamba kwamba kila kiumbe cha rangi nzuri kilichotulia kwenye tawi ni rafiki itakuwa imemkosea. Kinyume chake nacho ni kweli: kinyonga wa pembe mbili wa milima hii, ambaye wengi humwogopa na kumpiga mawe bure, hana sumu, na katuni ya kumsafishia jina ingekuwa kazi ya thawabu. Hakuna bodi ya London wala ya Los Angeles inayoweza kulijua hilo, na hapo ndipo mdhibiti wa nyumbani anapokuwa na kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya.

Aina nyingine ya kosa ilituhusu Waafrika wenyewe, na wala si sisi tulioulizwa. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists, iliyokuwa na haki za kusambaza katuni za zamani za Warner Bros., ilizitoa katuni 11 katika mkusanyo wa kuuzwa kwa vituo vya televisheni, kwa sababu ziliwachora watu weusi kwa dhihaka isiyoweza kukatwa bila kuiharibu kazi nzima. Mojawapo, Jungle Jitters ya 1938, imejengwa juu ya Waafrika wala watu wanaotaka kumtia mgeni chunguni. Coal Black and de Sebben Dwarfs ya 1943 ina ufundi mkubwa wa uchoraji na muziki, na dhihaka kubwa vilevile. Katika Tom na Jerry, katuni inayopendwa mno Afrika Mashariki, mhudumu mweusi aliyekuwa akionekana miguu tu alibadilishiwa sauti katika matoleo ya baadaye, na katika mengine akachorwa upya akiwa mzungu. Mabadiliko hayo yaliletwa na mapambano ya Wamarekani weusi, na yalistahili. Yafaa kuangalia kwamba katuni zile 11 hazikuchomwa moto: zimehifadhiwa, orodha yake inajulikana na sababu yake inajulikana, na 2010 nane kati yake zilionyeshwa hadharani Hollywood, katika tamasha la filamu za zamani, mbele ya watazamaji wazima walioelezwa wanatazama nini. Huo ni uondoaji wenye kumbukumbu, na mtafiti wa kesho ataweza kuuchunguza.

Si kila katuni ni ya mtoto, wala haijawahi kuwa hivyo. South Park na The Simpsons za Marekani zilitungwa kwa watazamaji wazima au kwa familia zinazotazama pamoja, na baadhi ya sehemu zake zimeondolewa kwa sababu ambazo mtoto asingeweza hata kuzielewa: sehemu mbili za South Park za Aprili 2010 zilizomhusu Mtume Muhammad, ambazo kituo chenyewe kilizifunika kisha kikaacha kuzirusha, na sehemu ya The Simpsons ya 1991 yenye sauti ya Michael Jackson, iliyoondolewa na watengenezaji wake Machi 2019. Jamii yenye Waislamu na Wakristo wengi kama ya Tanga ina maoni yake juu ya jambo la kwanza, nayo ni mazito. Tatizo la kiutendaji ni dogo zaidi lakini hutokea kila siku: lugha ya mitaani huziita zote katuni, na mzazi anayesikia neno hilo humwachia mtoto rimoti.

Zaidi ya hayo, kinachoondolewa hewani siku hizi hakiondoki machoni. Katika miji mingi ya Tanzania kijana mwenye kompyuta huwajazia wateja filamu na katuni kwenye flashi au kadi ya simu kwa malipo madogo, na mabanda ya video yalikuwa na wafasiri wao, maarufu miongoni mwao akiwa Lufufu, waliozisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Wafasiri hao walikuwa wakaguzi wa aina yao, kwa maana waliruka, waliongeza, walionya na waliitafsiri aibu kwa mzaha, na hadhira iliwasikia wakifanya hivyo. Kazi yao ilikuwa na uwazi ambao ofisi nyingi hazina.

Tanzania imewahi kuchukua hatua kubwa juu ya kazi ya kigeni yenye michoro kwa watoto, ingawa ilikuwa ya vitabu: Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupigwa marufuku kwa vitabu 16 shuleni, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa hoja ya maadili. Upande wa kujenga nao haujalala. Tangu Januari 2014 Ubongo Kids, katuni ya Kiswahili iliyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa TBC1, imekuwa ikifundisha hisabati na sayansi kwa nyimbo na wanyama, na ndugu yake Akili and Me ina msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Mtoto wa Bumbuli anayeitazama husikia lugha yake, huona kanga na sufuria anazozijua, na mzazi hana haja ya kukisia mtungaji alikusudia nini.

Swali gumu litakuja siku katuni ya namna hiyo itakapochukua hadithi za mlima wenyewe. Abdallah bin Hemedi, aliyeandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili cha karne ya 19, anasimulia kwamba Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu aliyekuja kuwa mwanzilishi wa utawala wa Usambara, alizaliwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na desturi ilikuwa kigego auawe. Wazazi wake walimpenda wakamnusuru, lakini walipofariki ndugu walimnyima urithi kwa sababu ya meno yale, akakimbia na mbwa wake, akawapa Washambaa nyama, akamuua simba, na watu wakamwita Simba Mwene, zamani sana kabla Hollywood haijachora mfalme wa aina hiyo. Hadithi ina mauaji ya watoto, uganga, damu na ndoa za wake wengi. Hakuna daraja la umri linaloikalia vizuri, na ukiondoa kigego unaondoa sababu ya safari yote.

Hata hivyo hadithi hiyo imesimuliwa watoto kwa vizazi, usiku, baada ya kazi, na mzee aliyejua nani ameketi mbele yake. Alipofika kwenye meno aliweza kupunguza sauti au kumtuma mdogo zaidi akalete kuni, na mtoto aliyebaki aliweza kuuliza kwa nini mtu auawe kwa sababu ya jino, akajibiwa palepale. Filamu 35 za Vugiri hazikuwa na nafasi ya swali kama hilo. Tatu tu kati yake ndizo zinazojulikana kuwa zimesalia, nazo zimehifadhiwa Uingereza.